Inchi Nne za Orest Drabyk

Lesna ni mji wa barabara moja, kanisa lenye kuba na ghala refu la ngano kando ya reli. Katika mji huo hakuna aliyewahi kuishuku mizani ya Orest Drabyk. Mkulima alifika ghalani na lori lake, Orest akapima, akataja uzito, mkulima akaitikia kwa kichwa na kuondoka bila hata kuchungulia namba. Miaka thelathini mambo yalikwenda hivyo. Na wakulima wa Saskatchewan, jimbo hili la Kanada, ni watu wanaoshuku hata mvua ikinyesha, kwa hiyo msidhani hiyo ni heshima ndogo.

Lakini hakuna binadamu asiye na lake. Orest alikuwa na mdomo. Si mdomo wa matusi wala wa umbea, la hasha. Ulikuwa mdomo wa mpira. Timu ya kijani ya Regina, mji mkuu wa jimbo, ikianza kukimbia na mpira, kitu kilimpanda kutoka tumboni, kikapita kifuani, na kabla hajakizuia kimeshatoka, ukelele wa kuamsha maiti. Jumapili moja aliutoa kanisani katikati ya mahubiri, kwa sababu alikuwa ameficha redio ndogo ndani ya kofia yake ya manyoya. Padri hakumkemea. Alimuuliza tu ni ngapi kwa ngapi.

Angekuwa anakaa jukwaani na watu wengine, nani angejali? Shida ni kwamba Orest alikuwa mtu wa mnyororo.

Katika futiboli ya Kanada, ile ya mpira wenye ncha mbili, timu hupewa majaribio matatu ya kuusogeza mpira yadi kumi. Ikishindwa, mpira unakuwa wa wenzao. Wamarekani wanapewa manne, na pale Lesna watasema hiyo ni sadaka kwa wasiojiweza. Sasa ili ijulikane kama yadi kumi zimetimia, kando ya uwanja wanakaa watu na nguzo mbili zilizounganishwa kwa mnyororo, na mmoja wao ana kibanio. Huyu hukibana kwenye mnyororo pale unapokatiza mmoja wa mistari myeupe iliyochorwa uwanjani kila yadi tano, na daima hubana ukingo wa nyuma wa mstari, si wa mbele. Mwamuzi akitaka kupima, mnyororo hubebwa hadi katikati ya uwanja, kibanio kikawekwa kwenye ukingo ule ule, mnyororo ukavutwa, na nguzo ya mbele ikatoa hukumu. Kibanio kilikuwa cha Orest. Ujira wake ulikuwa sandwichi moja na kusimama hatua tatu kutoka kwa wachezaji, na asingekubali kubadilishana na waziri mkuu.

Mtu wa mnyororo hana timu. Hashangilii, hazomei, na hamsemeshi mwamuzi mpaka aulizwe. Hapo sasa ndipo Orest alipopata tabu.

Alikikamata kibanio kwa mara ya kwanza mwaka ule ule timu ya kijani ilipoanza kukosa mechi za mchujo, na kuanzia hapo ikazikosa miaka kumi na moja mfululizo. Shemeji yake, Reinhold Ehmann, kaka wa mkewe, alisema wazi kwamba nuksi imejulikana ni nani. Watoto waliozaliwa baada ya mchujo wa mwisho walikuwa wameshaanza kuendesha trekta.

Kisha ukaja msimu ule wa mwishoni mwa miaka ya themanini, mwaka wa ukame. Ngano ilifika magotini ikagoma kupanda zaidi. Upepo ukaokota udongo wa mashamba na kuupitisha mjini kama unauhamisha. Malori yaliyofika ghalani yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole. Na katikati ya dhiki hiyo, timu ya kijani ikashinda mechi. Ikashinda nyingine. Agosti ikaja nayo bado inashinda! Watu ambao hawakuwa na cha kuvuna wakapata cha kusemea. Wanaume wazima walipigiana simu alfajiri kuulizana kama ni kweli. Mama mmoja wa Lesna alipaka banda lake la kuku rangi ya kijani, na kuku wakasusa kuingia siku mbili.

Orest alikuwa amevumilia hadi Julai ilipokaribia kwisha. Kisha mchezaji wa Regina akaunasa mpira wa wapinzani mbele yake kabisa, na Orest akafungulia.

Siku hiyo msimamizi wa waamuzi alikuwa amekuja kutoka Toronto, bwana mmoja mwembamba aitwaye Tennant, aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Akaja mbio.

"Nani kapiga kelele hapa?"

Akajibu Clovis Pelletier, mkuu wa kikosi cha mnyororo, Mmetisi, yaani wa damu ya wenyeji wa asili na ya Wafaransa, aliyestaafu kazi ya reli, mtu asiyecheka hata akichekesha. "Upepo, bwana mkubwa. Upepo wa huku una maneno sana."

Tennant akamtazama Orest, Orest akatazama viatu vyake, likapita.

La Septemba halikupita. Jumapili ya kwanza ya mwezi huo ndiyo siku ya Winnipeg, mahasimu wa jimbo la jirani, kuja, siku ambayo hata waliooana huketi mbalimbali. Regina walipofunga, Orest alirusha mikono yote miwili juu, na kibanio kikamtoka, kikaruka, kikatua ndani ya ndoo ya maji ya Winnipeg. Mchezo ulisimama dakika mbili kikitafutwa. Uwanja mzima ulikufa kwa kicheko. Tennant peke yake hakucheka.

"Neno moja tena, Bwana Drabyk," alisema taratibu. "Neno moja tu ulitoe bila kuulizwa, na mchujo utautazama kwenye televisheni."

Maneno hayo yalimchoma Orest kuliko Tennant alivyojua. Miaka kumi na moja alikuwa amesimama pale kwenye baridi, timu ikifungwa mbele ya macho yake. Sasa mchujo ulikuwa mlangoni, huenda ukachezwa Regina kwenyewe, na alichotaka duniani kilikuwa kimoja: kuwapo pale chini, kibanio mkononi, siku hiyo ikifika. Usiku hakulala. Akamwamsha mkewe.

"Verna, mdomo wangu utaniponza."

"Leo ndiyo umejua?" Verna alijibu bila kufumbua macho. "Nimeolewa na huo mdomo mwaka wa thelathini na mbili huu."

"Nifanye nini, mama?"

"Ujaze."

Ndivyo zilivyoingia mbegu za alizeti. Nyanda zile zote watu huzitafuna na kutema maganda, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Lakini Orest hakutafuna kwa starehe. Alijaza mashavu yote mawili hadi midomo ikakaribia kutofungika. Ukelele ulipopanda, ulikuta njia imezibwa, ukarudi ulikotoka. Clovis alimwambia anafanana na kindi anayeogopa msimu wa baridi. Orest alitikisa kichwa tu, maana kujibu asingeweza. Septemba ikaisha salama. Oktoba ikaelekea ukingoni. Mara mbili Tennant alikuja kumsikiliza akaambulia kutemewa maganda karibu na kiatu.

Mechi ya mwisho ya nyumbani ilikuwa dhidi ya Edmonton. Hesabu ilikuwa nyepesi: Regina wakishinda, mchujo unachezwa Regina. Wakishindwa, wanakwenda kuchezea kwa watu. Barafu nyembamba ilikuwa imeshika kwenye viti. Watu walikuja na mablanketi, na chupa za kahawa ambayo haikuwa kahawa tupu, na kila kitu chenye rangi ya kijani walichokikuta nyumbani, mapazia yakiwemo. Verna na Reinhold walikaa mahali pao pa kila mwaka na watu wa Lesna, safu ya ishirini na mbili. Orest aliwaona kwa mbali wakipunga mikono, akageuza uso haraka. Mtu wa mnyororo hapungi mkono.

Lo, mechi gani ile! Edmonton walitangulia, Regina wakawafuata. Edmonton wakatangulia tena, Regina wakawapita. Zilipobaki dakika mbili, Regina walikuwa mbele kwa pointi mbili tu, na mpira ulikuwa wao, lakini ulikuwa kwenye nusu yao wenyewe. Wangeendelea kuushika, saa ingekwisha. Wangeupoteza, Edmonton wangepata nafasi ya kupiga teke la pointi tatu.

Mpira ukarushwa mbali, kuelekea ukingo aliosimama Orest. Mchezaji wa kijani akaruka, akaudaka kwa mkono mmoja, mkono mmoja jamani, akaanguka na kuteleza hadi hatua mbili kutoka kwenye buti za Orest. Yadi kumi zilishapita zamani. Uwanja ukalipuka.

Ukelele ulimpanda Orest kwa nguvu ambazo hajapata kuziona. Ukakuta mbegu. Mbegu zikakataa kupisha, ukelele ukakataa kurudi, na katika ugomvi huo nusu ya mbegu, maganda na yote, zikashuka kooni. Orest akapaliwa. Alikohoa hadi kofia ikaanguka. Machozi yalimjaa.

"Drabyk! Bana!" Clovis alifoka, mnyororo umeshanyooshwa mahali papya. "Bana, mwamuzi anangoja!"

Orest akainama, akapapasa, akaona mstari mweupe umejaa ukungu wa machozi, chini ya mnyororo kuna kiraka kipya cha kapeti la nyasi bandia la uwanja, kilicho kijani zaidi ya kapeti lingine, akabana, akasimama. Akatema zilizobaki. Akavuta pumzi. Alimshukuru Mungu kwamba hakusema neno.

Jaribio la kwanza, yadi tano. Jaribio la pili, mchezaji alijitumbukiza kwenye ukuta wa watu, na rundo la wanaume likaanguka juu yake. Mwamuzi akawachomoa mmoja mmoja. Akaukuta mpira chini kabisa, akautazama, akatazama nguzo ya mbele kule pembeni, asijue. Akaita mnyororo.

Uwanja wa watu ishirini na kitu elfu ukanyamaza. Clovis akaja na nguzo ya mbele, mwenzake na ya nyuma, Orest katikati ameshika kibanio. Akapiga goti. Akakiweka ukingo wa nyuma wa mstari kama alivyofanya mara elfu.

"Vuta," akasema mwamuzi.

Mnyororo ukakaza. Ncha ya mpira ilikuwa imeipita nguzo kwa inchi tatu. Mwamuzi akanyoosha mkono mbele, yadi kumi zimetimia, na kelele iliyotoka jukwaani ilimpiga Orest kifuani. Regina sasa walikuwa na majaribio matatu mapya na saa inakwisha. Mchujo nyumbani! Wachezaji wa kijani walikuwa wanakumbatiana. Orest alikaza meno, akageuka kurudi pembeni na furaha yake imemjaa hadi masikioni.

Ndipo akakiona kiraka. Kilikuwa pale pale pembeni, kijani zaidi ya kapeti lingine, na kilikuwa ukingo wa mbele wa mstari.

Alibana juu ya kiraka. Basi alibana ukingo wa mbele, kisha akapimia ukingo wa nyuma, na mnyororo wote ukarudi nyuma kwa upana wa mstari. Mstari una inchi nne. Mpira umezidi inchi tatu. Hesabu hiyo hata kuku wa lile banda wangeiweza.

Hakuna aliyejua. Clovis hakujua, mwamuzi hakujua, Edmonton walikuwa wanainama kujipanga. Angetembea hatua kumi tu, anyamaze, jambo ambalo wamemsihi alifanye msimu mzima, na kila mtu angepata alichotaka, yeye kuliko wote. Miguu ilitembea hatua nne. Ingekuwa ngano ya mtu juu ya mizani, asingesita hata kidogo, na hilo lilimuudhi, maana alitamani sana kusita.

"Mwamuzi!" akaita.

Clovis alimshika mkono. "Nyamaza, we Drabyk! Tennant yuko pale anakutazama."

"Namwona. Mwamuzi! Kipimo si sawa. Nimekosea mimi."

Mwamuzi akaja, filimbi ikining'inia. "Unajua unalolisema, mzee?"

"Nimebana ukingo wa mbele. Kiraka kile pale ndicho nilichobania. Njoo nikuonyeshe."

Wakaenda wakatazama. Nahodha wa Regina aliwafuata, jitu la kilo mia na ishirini lenye damu puani, naye alipoelewa akabaki mdomo wazi.

"Babu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba zaidi kuliko ya kugomba, "wewe timu yako ni ipi?"

"Nyumbani ninayo," Orest alimjibu. "Hapa sina."

Wakapima upya. Mnyororo ulipokaza, mpira ulikuwa umepungua inchi moja. Mwamuzi akaonyesha vidole vitatu: jaribio la tatu, la mwisho. Kwanza kulikuwa kimya, kisha zikaanza chini chini na kupanda, kelele za kuzomea ambazo Orest hajapata kuzisikia zikielekezwa kwa mtu mmoja. Alirudi mahali pake ameinamisha kichwa.

Inchi moja si kitu, kila mtu anajua. Regina wakaamua kuijaribu badala ya kuupiga mpira mbali. Mpira ukachezwa, mshika mpira akasukuma kwenda mbele, mguu ukateleza kwenye ile barafu, na Edmonton wakamkalia. Hakufika. Mpira wa Edmonton, sekunde arobaini.

"Mungu akusamehe," Clovis alisema, "maana safu ya ishirini na mbili haitakusamehe."

Edmonton wakarusha, wakapata yadi kumi na mbili. Wakarusha tena, wakapata nane. Zikabaki sekunde nne, na mpiga teke wao akatoka akipasha mguu. Likipita katikati ya milingoti, pointi tatu, Regina wamekwisha. Likikosa na mpira ukafia kule nyuma ya mstari wa goli, Edmonton wanapata pointi moja, na Regina bado wako mbele kwa moja. Orest aliyajua hayo usingizini. Alisimama na mikono mifukoni, mdomo mtupu.

Teke! Mpira ukapanda, ukaelekea katikati, watu wa Edmonton wakaanza kurukaruka. Kisha upepo wa Saskatchewan, upepo ule ule uliokwishakula mashamba ya watu mwaka mzima, ukausukuma. Ukapita nje ya mlingoti wa kushoto, labda kwa upana wa mkono. Ukadunda, ukabingirika. Mchezaji wa Regina akaurukia, akaukumbatia, na badala ya kujitia ushujaa wa kukimbia nao, akapiga goti pale pale na kuwaachia Edmonton pointi yao moja. Filimbi. Mwisho. Kwa pointi moja!

Watu walimwagika uwanjani kama ng'ombe waliofunguliwa malisho. Walikumbatiana na askari. Mzee mmoja alivua koti, shati na fulana kwenye baridi ile, akakimbia akilia. Orest aliketi juu ya sanduku la vifaa. Hakupiga kelele. Aliitafuta sauti, haikuwepo.

Tennant alikuja akasimama mbele yake, akangoja hadi Orest akainua macho.

"Nimekuwa kwenye kazi hii miaka ishirini na sita," alisema. "Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo."

"Nilisema neno bila kuulizwa."

"Hilo nimekusamehe pale pale." Tennant alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Lakini ulibana bila kuangalia, Bwana Drabyk. Ulikuwa unapigana na furaha yako. Na kwenye mchujo sitaweza kumweka mtu anayepigana na kitu kingine. Unanielewa?"

Orest alielewa, na hicho ndicho kilichomuuma. Angeonewa, angepata cha kulalamikia. Alikichomoa kibanio kwenye mnyororo, akakifuta kwa kitambaa, akamkabidhi Clovis. Clovis alikipokea bila utani.

Kijiwe cha kahawa cha Lesna hukutana saa moja asubuhi kwenye mkahawa ulio mkabala na ghala. Orest angeweza kutokwenda. Alikwenda.

"Shemeji," Reinhold alianza kabla hajakaa, "nipe hiyo sukari. Ipime kwanza, isije ikazidi."

Wakacheka. Orest akacheka pia, afanyeje. Lakini Bohdan Lischuk hakucheka. Lischuk alikuwa mkulima aliyepoteza ekari mia nne kwa ukame, na Jumapili aliyokuwa ameingoja mwaka mzima ilikaribia kumfia mikononi.

"Tungepigwa lile teke, ungetuambia nini?" alisema. "Kwamba una roho safi?"

"Ningewaambia haikufika, Bohdan. Maana haikufika."

Lischuk akageuza kiti chake, akampa mgongo. Akampa mgongo hivyo siku nne. Na usiku wa chakula cha mavuno kwenye ukumbi wa kanisa, wenye bata mzinga, pirohi za unga zilizojazwa viazi, na kila familia mezani, mtu mmoja kwenye foleni alisema kwa sauti ya kusikika, "Mkatieni Drabyk nyama, ila isizidi inchi nne." Ukumbi ukaangua kicheko. Orest aliweka sahani chini na kwenda kusimama nje penye magari.

Verna alimfuata, aproni bado kiunoni, mwiko mkononi.

"Wapumbavu hao," alisema. "Ngano yao yote imepita mikononi mwako. Miaka thelathini! Hebu wataje siku moja uliyowapunja."

"Wanatania, Verna."

"Wanatania, na wewe uko nje kwenye baridi bila kofia." Alikuwa anautikisa ule mwiko kwa hasira. "Nikwambie kitu? Nilipokuona umesimamisha mchezo, nilitaka kuzama chini ya kiti. Kisha nikajua kitu gani umefanya. Nikawaambia wote pale safuni, huyo ni mume wangu. Nilisema kwa sauti."

Orest alimshika mkono, ule wenye mwiko, wakasimama.

Reinhold naye akatokea mlangoni, akitafuna. Alikohoa kidogo. "Shemeji, Jumapili utakaa nasi. Mahali ni pa watu wawili, lakini tutabanana. Mimi si mnene hivyo."

"Wewe ni mnene," Verna alimwambia.

"Basi nitasimama."

Siku ya mchujo theluji nyepesi ilikuwa inapita kwa ubavu. Katika miaka kumi na miwili, Orest hakuwa amewahi kuketi na mkewe kwenye mechi. Alijikuta katikati ya Verna na Reinhold, blanketi moja juu ya magoti ya wote watatu, na uwanja mzima uko chini yake kama meza. Mwanzoni alishikilia magoti yake kwa mazoea. Regina walipofunga mara ya kwanza, Verna alimpiga kiwiko.

"Nani anakuzuia?"

Akafungulia! Safu tatu za mbele ziligeuka kuona kuna nini. Miaka kumi na miwili ya kumeza ilitoka kwa mkupuo mmoja, na Reinhold akaziba sikio na kusema sasa amejua kwa nini Toronto walimwogopa. Orest alicheka hadi akalia. Kila mpira uliorushwa aliusindikiza kwa jina la mrushaji na la mama yake. Lakini macho yake, kila mchezo ulipoisha, yalikwenda yenyewe pembeni, kwa Clovis na nguzo zake, na kwa mtu mgeni aliyepiga goti na kibanio.

Robo ya nne, matokeo yamebanana, Regina wakajitumbukiza kwenye rundo karibu na katikati ya uwanja. Mwamuzi akawachomoa watu mmoja mmoja. Akatazama mpira, akatazama nguzo, akaita mnyororo.

Orest alisimama. Wote walikuwa wamesimama. Kisha akahisi ukimya umebadilika, akashusha macho. Safu ya mbele yake haikuwa inatazama uwanja. Watu walikuwa wamegeuka, na safu ya mbele ya hiyo nayo imegeuka, nyuso nyekundu kwa baridi, wengine vipande vya pazia la kijani shingoni, na katikati yao alikuwa Bohdan Lischuk.

"Drabyk," Lischuk aliita. Sauti yake ilikuwa kavu. "Imefika?"

Orest akautazama mpira. Akautazama mstari, na mahali nguzo iliposimama kabla haijang'olewa. Alitaka ifike kwa mwili wake wote.

"Haijafika," alisema. "Imepungua kama kiganja."

Mtu akatupa kofia chini. Reinhold akatukana kwa Kijerumani cha mama yake. Lischuk aliitikia kwa kichwa taratibu kama anavyofanya mbele ya mizani, akageuka na kuwaambia wa mbele, nao wakawaambia wa mbele yao, haijafika, imepungua kiganja, na hakuna hata mmoja aliyebisha. Kule chini walikuwa bado wananyoosha mnyororo.